Malalamiko ya Chumba Namba Kumi na Moja Kuhusu Mgawanyo wa Sauti ya Redio

Chuo cha Ualimu Ndwikilo,
Bweni la Pili, Chumba Na. 11,
Njia ya Iyunga,
Mbeya.
Jumatatu, 14 Oktoba 1974

Ndugu Mkuu wa Chuo,

YAH: SAUTI YA REDIO YA BWENI KUGAWANYWA MPAKA IKAISHA

Baada ya salamu na heshima zote unazostahili, na baada ya kukuhakikishia kwamba mimi ni mzima wa afya isipokuwa masikio, naomba unipe muda wako kidogo. Najua una mengi. Mvua zinanukia na shamba la chuo halijatifuliwa, na wakaguzi wa mazoezi ya kufundisha wako njiani. Lakini jambo hili nisipoliandika leo litanipasua kifua.

Mimi ni Philbert Kalinga, mwanachuo wa mwaka wa pili, mzaliwa wa Iringa, mtu mwenye tabia njema kwa mujibu wa ripoti uliyoitia sahihi mwenyewe mwezi Juni. Si mlalamishi. Hata siku ile maharage yalipoungua tukaambiwa kwamba ndiyo rangi yake, nilikula na nikasema ahsante.

Kama ujuavyo, bweni letu lina redio moja. Ni ile kubwa ya mbao tuliyoachiwa na mkufunzi mmoja alipomaliza mkataba na kurudi kwao. Inakaa chumba namba moja, kwa kiranja wetu Ndugu Lutengano, ambaye huifuta vumbi kila asubuhi kwa leso yake mwenyewe. Zamani tulikuwa tukienda chumbani kwake kusikiliza, tukikaa sakafuni, tukapeana migongo ya kuegemea, na kila mtu alisikia kila kitu. Nakuomba uukumbuke wakati huo kwa huzuni, kama ninavyoukumbuka mimi.

Mwaka jana Mkufunzi Jailos, katika somo la umeme, alituonyesha kwamba spika yoyote kuukuu ukiifunga nyaya mbili kutoka kwenye redio, nayo itasema. Alifanya hivyo kwa nia njema ya elimu. Hakujua anafungua mlango gani. Jioni ile ile chumba namba mbili kilikuwa na spika. Kufika Ijumaa, waya ulikuwa umepita juu ya dari kutoka mwanzo wa bweni hadi mwisho, na kila mwenye shida ya sauti aliukwangua kwa wembe na kujiungia. Leo spika ni kumi na nne. Sauti ni ile ile moja.

Na huyo huyo Mkufunzi Jailos alitueleza ubaoni, kwa chaki ya rangi mbili, kwamba redio haizalishi sauti mpya kwa ajili ya kila spika. Inaigawa ile iliyopo. Spika ikiwa moja, inasema kama mtu anayehutubia mkutano. Zikiwa kumi na nne, kila moja inasema kama mtu anayesali rohoni. Tena walio karibu na redio hupata sehemu nono, na kadiri waya unavyorefuka ndivyo sauti inavyochoka njiani. Chumba changu, Ndugu Mkuu, ni cha mwisho bwenini.

Utauliza, kuna hasara gani? Hapo ndipo naomba uniwie radhi, maana nalazimika kukueleza jambo la moyoni katika barua ya kiofisi.

Mwezi Julai nilituma kadi katika kile kipindi cha salamu cha Jumamosi saa tano asubuhi. Kadi zile unazijua. Kuna mistari ya majina ya unaowasalimu, na chini kabisa kuna mstari wa ujumbe. Mwenzangu mwingine angejaza majina ishirini. Mimi nilijaza jina moja, Benedicta, mwanafunzi wa uuguzi huko Iringa, niliyefahamiana naye tangu darasa la katekisimu. Penye ujumbe nikaandika: "Je, nije kwa wazazi wako?" Kadi ikasomwa. Taifa zima likasikia. Mama yake, Mama Evarista, alikuwa sokoni akinunua vitunguu, na naambiwa alivirudisha fungu zima, akaenda nyumbani mikono mitupu.

Baada ya wiki mbili nikapata barua ya Benedicta. Ilikuwa na mistari mitatu tu: "Umenitamkia mbele ya taifa. Nami nitakujibu mbele ya taifa. Usiondoke kwenye redio."

Tangu siku hiyo, Jumamosi tisa nimekaa mbele ya spika yangu nikiwa nimevaa shati lililopigwa pasi. Najua hanioni, lakini ni heshima. Jumamosi ya tisa ilikuwa juzi. Saa tano na robo mtangazaji akasema, kwa sauti ambayo hata huku mkiani niliipata: "Sasa tunakwenda Iringa, kwake Benedicta, anayemsalimu Philbert Kalinga wa Chuo cha Ualimu Ndwikilo, Mbeya, na anasema kwamba jibu lake ni..."

Ndugu Mkuu, hapo ndipo bweni lilipoingia wazimu. Waliposikia jina langu, kila ambaye spika yake ilikuwa imechomolewa aliichomeka, ili naye asikie nimejibiwa nini. Spika zilizokuwa saba zikawa kumi na nne kwa kufumba na kufumbua. Sauti ikashuka kama maji ya bomba jirani anapofungua la kwake. Nililala kifudifudi nikabandika sikio kwenye spika, nikasikia kitu kama nzi aliyefungiwa ndani ya kiberiti. Nzi yule alisema maneno mengi. Halafu ukaja muziki.

Ndugu Lutengano hawezi kunisaidia, kwa sababu aliposikia jina langu alitoka mbio kuja kuniita, na tukagongana mlangoni muziki ukiwa umeshaanza. Vyumba vya katikati havikusikia, kwa kuwa kila mmoja alikuwa akimwambia mwenzake anyamaze. Nami siwezi kumwandikia Benedicta kumuuliza amesema nini, maana aliniagiza nisiondoke kwenye redio, na nikimuuliza ataona niliondoka. Nimeandaa barua mbili. Moja ni ya shukrani, nyingine ni ya kumtakia maisha mema na mume mwingine. Sijui ipi niitie stempu.

Kwa hiyo nawasilisha malalamiko yangu kama ifuatavyo.

1. Mama Damari, mpishi wetu, ana spika jikoni. Kwa hekima yake aliitundika juu ya sufuria la maharage. Kikianza kipindi cha hadithi anasahau kukoroga, na bweni zima linakula hadithi ile mchana ikiwa imeshika chini. Juzi lilipotajwa jina langu alipiga vigelegele vya dakika nzima hata kabla hajajua kama jibu ni la vigelegele. Nilipokwenda kumuuliza alichosikia, aliniambia, "Mwanangu, mimi nilisikia jina lako tu, furaha ikanizidi." Nampenda kama mama, lakini naomba akatiwe waya.

2. Ndugu Tusajigwe wa chumba namba nne ameweka spika yake ndani ya mtungi, akidai mtungi unarudisha sauti iliyopungua. Sasa mtangazaji anasoma habari kama mtu aliyetumbukia kisimani. Nilimwambia hiyo ni kumdhalilisha mtangazaji. Alinijibu kwa Kinyakyusa chake, "Ndaga fijo, Kalinga, nawe tafuta wako." Ahsante ya namna hiyo siitaki.

3. Waya ukishapita kwangu unaendelea nje, unavuka bustani na kuingia katika nyumba moja ambayo kwa adabu sitaitaja. Nitasema tu kwamba ni nyumba pekee hapa chuoni yenye mabati mekundu, ina maua ya waridi mlangoni, na mwenye nyumba hiyo ndiye anayesoma barua hii. Simlaumu mtu. Mama wa nyumba hiyo ni mtu mwema, na ndiye aliyekuwa wa kwanza kutuma mtu kuniuliza, "Amekubali?" Nilimjibu kwamba yeye na mimi tumegawana ujinga sawa kwa sawa.

4. Hapa naomba ukae vizuri kwenye kiti. Ng'ombe wana spika.

Ndugu Budeba, mwanachuo mwenzangu, ambaye wazazi wake walihama na mifugo yao kutoka Usukumani wakashukia Usangu, karibu na Chimala, ndiye msimamizi wa mradi wetu wa ng'ombe wa maziwa. Zizi linapakana na chumba namba moja. Mwezi Mei alipenyeza waya dirishani kwa Ndugu Lutengano, akatundika juu ya hori spika iliyotoka kwenye gramafoni, kubwa kama ungo, kubwa kuliko zote chuoni. Ukimuuliza anakwambia, "Ng'ombe akisikia muziki anatulia. Akitulia anashusha." Sikatai kwamba maziwa yameongezeka. Sikatai kwamba chai ya asubuhi, ambayo zamani ungeweza kuona chini ya kikombe, sasa huoni. Hoja yangu ni ya haki. Ng'ombe wale wanne hawajui Kiswahili. Hawana ndugu wa kuwatumia salamu. Taarifa ya habari wanaitafuna pamoja na majani. Na kwa kuwa zizi liko mwanzoni kabisa mwa waya, wao ndio wanaopata sauti ikiwa bado ya moto, sisi wengine tunapata makoko. Kwa kifupi, katika chuo hiki ng'ombe anasikia habari za dunia vizuri kuliko mwalimu mtarajiwa atakayeulizwa habari hizo hizo katika mtihani wa siasa. Ng'ombe hataulizwa.

5. Ndugu Budeba huyo huyo ananidhihaki katika msiba wangu. Tangu Jumamosi amekuja dirishani kwangu mara tatu, meno yote nje, akinisalimu kwa Kisukuma, "Mwadila, Kalinga. Njoo zizini, nina neno lako." Mimi, niliyenyang'anywa sauti na ng'ombe wake, niende kwa miguu yangu kuwatembelea! Nilimwambia kama ana neno alisemee pale pale. Akatikisa kichwa: "Hili si la dirishani. Kwetu husemwa penye ng'ombe, na mwenyewe asikie kwanza." Mara ya tatu alikuja na kigoda mkononi, eti nikikalie huko. Nilifunga dirisha, na nikasikia anacheka hadi zizini. Naomba kitendo hiki kiandikwe kwenye faili lake.

6. Wapo wanaonong'ona kwamba mimi nami nina spika mbili. Ni kweli. Nina masikio mawili.

Baada ya malalamiko, mwalimu mzuri hutoa mapendekezo. Kwanza nilidhani ingetosha kila anayetaka sauti ajaze fomu ya kueleza ni nani anayetarajia kumsalimu, na kutoka wapi, ili asiye na wa kumsalimu asitumie salamu za watu. Nikaona haitoshi. Nikafikiria vyumba vya namba shufwa visikilize habari Jumatatu na vya witiri Jumanne, maana habari ya Jumatatu haiozi kwa siku moja. Nikaona bado. Nikapendekeza ng'ombe wapewe mtihani wa Kiswahili, ufahamu na muhtasari, na atakayefaulu abaki na spika. Nipo tayari kusahihisha bila upendeleo. Ndugu Budeba ahamishiwe mradi wa kuku, ule ulio ng'ambo ya kijito, ambako waya haufiki na kuku wana kelele zao wenyewe.

Lakini jana usingizi ulikataa, nikapiga hesabu upya, na nikagundua kosa langu. Kosa si wingi wa spika. Hata zikibaki mbili, bado kuna kugawana. Dawa ni moja tu. Spika zote zikatwe, waya wote ukunjwe, na redio yenyewe ihamishiwe chumba namba kumi na moja, ambako mimi, kwa kujitolea, nitasikiliza kwa niaba ya chuo kizima. Kila jioni mstarini nitawasomea wenzangu muhtasari wa habari, mpira, hadithi na salamu. Muziki nitauimba, ule ninaoujua. Sauti haitapotea njiani tena, kwa kuwa haitakuwa na njia.

Kuna watakaosema huu ni ubinafsi. Naomba nilijibu hilo kwa unyenyekevu. Tumefundishwa kugawana, na ninaamini kugawana. Ugali ukigawanywa kwa watu kumi na wanne kila mmoja anapata tonge, na tonge ni ugali. Lakini neno ukiligawa hivyo halimfikii hata mmoja. Mimi juzi nilipata fungu langu halali kabisa. Nilipata "jibu lake ni". Ndugu Mkuu, nimelala nalo siku mbili, nimeamka nalo, nimelipeleka darasani, na halijanishibisha. Nampenda yule binti. Sina namna nyingine ya kulisema hilo kiofisi.

Ni matumaini yangu kwamba utalitazama ombi hili kwa jicho la upole na sikio lenye bahati kuliko langu. Nisalimie mama wa nyumba yenye mabati mekundu, watoto, Mkufunzi Jailos na chaki zake, Ndugu Lutengano na leso yake, Mama Damari, na hata Tusajigwe aliye mtungini. Ng'ombe nao wasalimiwe. Sina ugomvi nao binafsi.

Nabaki mwanachuo wako mtiifu, mwenye masikio mekundu kwa kubanwa na spika,

Philbert Kalinga

Nakala kwa:
Mkufunzi Jailos, ili ajue alichoanzisha
Mama Damari, asomewe nje ya jiko
Faili la Ndugu Budeba

NYONGEZA. Jumamosi, 19 Oktoba, saa nne asubuhi.

Ndugu Mkuu, barua hii ilikuwa bado mezani kwangu kwa sababu wiki nzima nimekuwa nikitafuta lalamiko la saba. Asubuhi hii Ndugu Budeba hakuja dirishani. Alikuja mlangoni, akiwa na Ndugu Lutengano, Ndugu Tusajigwe na Mama Damari mwenye mwiko, wakaninyanyua mzobemzobe hadi zizini bila kuniuliza. Hao wengine akawaomba wasubiri nje ya boma. Akanikalisha kwenye kile kigoda, akawatuliza ng'ombe mmoja mmoja, akavua kofia, ndipo akanena.

Jumamosi ile saa tano na robo yeye alikuwa papa hapa, akitia majani horini, chini ya spika kubwa kuliko zote, mwanzoni kabisa mwa waya. Bweni zima lilipokuwa linachomeka na kunyamazishana, yeye na ng'ombe walikuwa wanasikia kama wako mbele ya mtangazaji. Alilishika neno lote. Na kwa kuwa ni neno la mke, na kwao neno la mke halipigiwi kelele dirishani, alikataa kulisema popote pengine, wala kumwonjesha mtu mwingine kabla yangu, ingawa Mama Damari alimtishia kumnyima ukoko. Aliniambia hivi, na nimemtaka arudie mara nne:

"Benedicta anasema jibu lake ni ndiyo. Anasema baba yake anakungoja Jumapili ya tarehe ishirini, wewe na mshenga wako, msichelewe. Na anasema siku nyingine ukiwa na la kuuliza uandike barua."

Tarehe ishirini ni kesho.

Kwa hiyo naomba kwa heshima uyafute malalamiko yote, la kwanza hadi la sita, pamoja na mapendekezo, na hasa lile la redio kuhamia kwangu, ambalo sijui liliandikwa na nani. Spika ya zizi isiguswe. Nimewafungia ng'ombe pia spika yangu moja upande wa pili wa hori, kwa kuwa nao wana masikio mawili, na ile nyingine nimempa Mama Damari aitundike mbali na sufuria. Badala ya hayo naomba sahihi yako hapa chini kwa ruhusa ya siku tatu, ya watu wawili. Wa pili ni Ndugu Budeba, ambaye nimemwomba awe mshenga wangu, na amekubali pale pale penye ng'ombe. Basi la Iringa linapita barabarani saa sita. Mleta barua ni mimi mwenyewe, nimesimama kwenye maua ya waridi, na shati nimeshalipiga pasi.

Kinachonikaa rohoni ni kimoja tu. Ng'ombe wanne wa chuo walijua kwamba naoa siku saba kabla yangu, na kwa adabu yao hawakumwambia mtu.

P.K.